Gari Linalosubiri Desemba

Ukitaka kuona magari yasiyokwenda popote, ingia vichochoro vya Kimara, Dar es Salaam. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze kazi mwaka 2016, mkazi wa pale anaweza kushuka Kivukoni bila kugusa usukani, siku ambazo basi halijashonana mpaka mlangoni. Gari linabaki uani chini ya turubai. Linasubiri harusi, linasubiri msiba, na zaidi ya yote linasubiri safari ya Desemba kwenda Moshi.

Mwenye nalo huamini kwamba kutolitumia ndiko kulitunza. Halichubuki, halinywi mafuta. Hata serikali ililipa nafuu: ada ya leseni ya mwaka, ambayo zamani ilimhusu hata mwenye gari lililopandishwa juu ya matofali, ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta. Anayetembea ndiye anayelipa.

Betri, hata hivyo, inalipa kila siku. Hujimaliza yenyewe taratibu, na joto la Pwani linaiharakisha. Juu ya hapo alamu, saa na kompyuta ya gari vinaendelea kunyonya usiku kucha. Betri iliyojaa na kutulia husoma kama volti 12.6 kwenye mita ya fundi. Ikifika 12 karibu imekwisha. Ikiachwa hivyo wiki kadhaa, salfeti hujenga ukoko kwenye bamba zake za risasi, na chaji haiingii tena kama zamani.

Mstaafu mmoja wa Kimara alikuwa na dawa yake. Kila asubuhi, baada ya chai, alifunua boneti, akawasha gari, akasikiliza mlio kwa dakika tano, akazima na kufunika. Fundi umeme alipoitwa kuja kubusti alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka kwa adabu. “Mzee wangu, hapo ndipo unapoliua.”

Fundi alikuwa sahihi. Kuwasha injini hula umeme mwingi kwa mkupuo, na dakika tano za kuunguruma bila kwenda hazitoshi kuurudisha. Tena petroli ikiungua huzalisha maji: lita moja ya mafuta hutoa karibu lita moja ya maji. Injini ikipata moto wa kutosha, maji hayo hutoka kama mvuke. Isipopata, mengine hutulia ndani ya ekzosi na kuilia kutu kwa ndani, mengine huchanganyika na oili. Ndiyo maana oili hubadilishwa angalau mara moja kwa mwaka, hata kama kilomita hazijasogea.

Kuna na mengine madogomadogo. Panya hupenda nyaya. Hendibreki iliyovutwa miezi mitatu huweza kugandisha breki za nyuma, kwa hiyo kama uwanja ni tambarare ni heri kuweka gia na kuzuia magurudumu kwa mawe. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, gari liende lisiende.

Matairi ndiyo ya kuogopa, kwa sababu yanadanganya. Ya mstaafu wetu yalikuwa na meno yote, hayana kipara hata kidogo, naye akiyasifu. Fundi alichuchumaa, akapangusa vumbi ubavuni, akaonyesha tarakimu nne: 2312. Wiki ya 23 ya mwaka 2012. Michelin, ambao kazi yao ni kuuza matairi, wanashauri tairi lililofikisha miaka mitano ya matumizi lipimwe na fundi kila mwaka, na likitimiza miaka kumi tangu kutengenezwa libadilishwe, hata likionekana zima. Raba huzeeka kwa jua na hewa. Tairi kama hilo linaweza kuvumilia safari ya sokoni. Kulibebesha familia, mizigo na mchele wa sikukuu zaidi ya kilomita 500 kwenda Moshi, juani, kwa mwendo wa wote wanaowahi nyumbani, ni jambo lingine kabisa.

Kwa nini asiliuze, basi, akakodi gari mwezi Desemba? Watoto wake walimpigia hesabu hiyo, na kwa shilingi walikuwa sahihi. Lakini kuna mzee gani anayetaka kuingia kijijini kwake na gari la kukodi, majirani wakimsoma? Mwandishi huyu hamlaumu. Heshima nayo ni matumizi, ilimradi mtu akubali kuigharimia.

Mzee alinunua matairi manne mapya na kuacha zoezi la asubuhi. Siku hizi, Jumapili baada ya ibada, anampakia mkewe wanakwenda Kibaha kwa barabara ile pana ya njia nane, wananunua mananasi wakiyakuta, wanarudi. Injini inapata moto wake, betri inajaa. Mama ameshaanza kuuliza kwa nini wasifike Chalinze.