Msiseme Ni Uzee Tu

Wapwa zangu, na nyinyi wajukuu mlioshukia Morogoro mjini na Dar es Salaam kutafuta maisha, nisikilizeni. Kwetu Waluguru mjomba ana haki ya kusema, na leo naitumia.

Dada yangu kule Kinole alikuwa akichambua pilipili manga huku anapiga soga, mkono unakwenda wenyewe. Tangu apate kiharusi kidogo, ungo unamkalia mapajani mpaka jua linageuka, punje na vikonyo bado vimechanganyika. Ukimwuliza kama amekula, anasema ndiyo, kumbe uji umepoa pembeni. Machozi yanamtoka pasipo msiba. Mmoja wenu akasema bibi amezeeka. Mwingine, kwa sauti ya chini, akataja uchawi.

Hajarogwa, na huo si uzee mtupu. Presha isiyotibiwa miaka mingi huharibu mishipa midogo ya ubongo. Sehemu zinazokosa damu hufa, na kumbukumbu hushuka, wakati mwingine kwa ngazi: ametulia miezi, kisha ghafla kashuka tena. Madhara hayohayo huweza kuzima furaha, ndiyo maana usahaulifu wa namna hii na sonona huandamana mno. Tena huchocheana. Mwenye sonona halali, hatoki nje, vidonge vya presha anaviacha, na ubongo unazidi kuumia.

Watafiti waliopita vijiji vya Hai, Kilimanjaro, mwaka 2010 walikuta wazee kama 6 katika kila 100 wa miaka 70 na zaidi wana maradhi ya kupoteza kumbukumbu, ya aina zote. Wale ni watu wa milimani kama sisi.

Linaloniuma zaidi ni hili: sonona ya mzee inatibika. Wakati mwingine ni yenyewe tu inayomfanya aonekane kapotewa na akili, na ikitibiwa kumbukumbu huweza kurudi. Mkinyamaza, mnamnyima nafasi hiyo.

Basi mzee akiwa kimya kuliko kawaida yake, akikataa chakula, au akisema amechoka kuishi, mpelekeni hospitali. Mwelezeni daktari yote mawili, usahaulifu na huzuni. Mkirudi, kaeni naye mchambue pilipili pamoja, mwulizeni habari za ukoo. Pesa mnazotuma kwa simu hazikai naye barazani.

Na nyinyi mliofika miaka 40, kapimeni presha wiki hii. Mkipewa vidonge, msiviache kwa kuwa mnajisikia wazima. Presha haiumi inapoharibu.