Kuunganisha Saumu na Haki ya Mwili



Himidi zote ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.). Ama baad.

Mitihani inapokaribia, wapo wenzetu hapa kampasini wanaofunga siku mbili au tatu mfululizo, usiku na mchana, bila tonge wala maji, wakitaraji dua zijibiwe upesi. Hiyo ndiyo wisali, na Mtume (s.a.w.) aliikataza. Maswahaba walipomwambia kwamba yeye mwenyewe huunganisha, aliwajibu kuwa yeye si kama wao, Mola wake humlisha na kumnywesha. Anayetaka kuendelea, mwisho wake ni daku. Yamo katika Bukhari. Sasa sisi tunataka kumzidi nani?

Tazameni mwili unavyofanya kazi. Ukikosa maji muda mrefu, damu huwa nzito na huganda kwa urahisi zaidi. Kwa kijana mwenye afya hatari hii ni ndogo. Lakini hapa Uganda wapo vijana wengi ambao vali za moyo ziliharibika kwa homa ya baridi yabisi utotoni, ile inayotanguliwa na maumivu ya koo, na wengine hawajijui. Kwao bonge la damu laweza kufanyika moyoni, likasukumwa hadi mguuni na kuziba ateri ghafla. Na mgonjwa wa moyo anayeacha dawa ya kuzuia damu kuganda, eti amefunga, anajitia hatarini kwa mkono wake.

Mguu huuma ghafla, hupauka, huwa baridi, kisha ganzi, na vidole hukataa kusogea. Msidhani ni msuli umekaza. Msichue, msikande kwa maji moto, wala msisubiri adhana ya magharibi. Mpelekeni hospitali saa ileile, kwani baada ya takriban saa 6 misuli na neva zaweza kufa, na mguu ukakatwa.

Saumu aliyoikata, ikiwa ya Ramadhani, ataikidhi akipona. Asiyetarajiwa kupona atalisha maskini mmoja kwa kila siku. Ikiwa ya sunna, hata kulipa si lazima kwa wanazuoni wa madhehebu ya Shafii.

Wallahu a'lam.