Aibu Iliyofichwa Puani

Siku za kuelekea Idi Kubwa, muumini atokaye Msikiti wa Jamia, katikati ya Nairobi, akapanda matatu hadi Dagoretti kutafuta kondoo wa udhiya, huweza kukutana na mnyama mwenye maungo kamili na mwili wa kuridhisha, ila avutapo pumzi hukoroma, na kamasi humtiririka bila kukoma.

Je, dhabihu yake yasihi? Wanazuoni wametaja aibu nne zizuiazo: chongo lililo dhahiri, maradhi yaliyo dhahiri, kuchechemea kulikodhihiri, na kukonda kupita kiasi, na uzito wote umo katika huko kudhihiri, kwani mja hakukalifishwa kuyajua ya ghaibu.

Lakini elimu ya tiba ya mifugo, isomeshwayo kule Kabete, huufanya mpaka huo kuwa mwembamba. Aina moja ya bakteria wa jamii ya Salmonella, waliokwisha kubainishwa Marekani na Uswisi, hukaa matumboni mwa kondoo wengi pasipo kuwadhuru. Ila wakistakimu puani, huivimbisha nyama laini ya ndani polepole, mpaka njia ya pumzi ikazibika, na dawa aghalabu hazifui dafu.

Basi mnunuzi asiyejua ana udhuru; ama mfugaji aliyeusikia mkoromo ule usiku baada ya usiku, kisha akampangusa mnyama pua asubuhi ya soko, hana. Ugonjwa ni kadari. Kuuficha ni khiyana. Ewe muuzaji, sema kabla hujapokea fedha.