Kushinda Iten

Hesabu ndiyo hii. Watu sita wa Kaptembwo, kila mmoja anatoa soo mbili kila Jumapili kwa wiki 16. Halafu Ijumaa moja alfajiri tunapanda matatu mjini Nakuru hadi Eldoret, tunazunguka mji kidogo, jioni tunapanda nyingine hadi Iten, tunalala huko siku mbili, Jumapili tunarudi. Ni 3,200 kwa kila kichwa. Mweka hazina wetu anauza viatu vya mitumba na hana huruma: ukichelewesha mchango wiki moja, anaposti orodha kwenye grupu na jina lako limezungushiwa duara jekundu.

Watu wakisikia wanashangaa. Pesa zote hizo na hamwendi Mombasa? Jibu letu la haraka ni kwamba tumechoka kuona mbio kwa simu. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, na yenyewe hupenda kuitwa jiji la mabingwa. (Sisi wa Nakuru tulipewa yetu Desemba 2021. Jiji la nini, sijaambiwa. Mtaani kwetu bado maji huja kwa mkokoteni.) Ukitoka Eldoret kilomita thelathini na kitu unafika Iten, mji mdogo kwenye ukingo wa bonde la Kerio, mita kama 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo Brother Colm O'Connell, mmishenari kutoka Ireland, alifika mwaka 1976 kufundisha shule ya St Patrick's. Akageuka kocha, na miaka mingi baadaye akamnoa David Rudisha. Rudisha naye mwaka 2012 huko London alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, muda ambao hata kwenye Olimpiki ya Paris 2024 hakuna aliyeufikia. Kuna lango kubwa barabarani linalokukaribisha nyumbani kwa mabingwa. Kila anayeenda hupigwa picha hapo. Sisi pia tulikuwa tumeshapanga nani atasimama wapi.

Kisha ikaja shida ya mahali pa kulala, na hapo ndipo mambo yaligeuka.

Kuna kijana wa ploti yetu ambaye yuko Iten mwaka wa nne sasa. Alikulia mlango wa tatu kutoka kwetu, akakimbilia shule, akafika mashindano ya kaunti, akamaliza Form Four na kubeba begi. Hajashinda kitu. Aliwahi kuwa wa kumi na kitu kwenye mbio fulani za barabarani ambazo zililipa watu kumi. Anapanga keja moja na wenzake wawili, wanapika kwa zamu, na wakati wa mavuno huenda kufanya vibarua mashambani. Ukimuuliza mama yake kijana yuko wapi siku hizi, atakujibu, "Anashinda Iten." Na hakuna anayemwelewa vibaya. Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili: unaweza kushinda mbio, na unaweza kushinda njaa. Mama anamaanisha lile la pili, la kukaa mahali kutwa nzima mpaka jua lizame. Ni sisi vijana tuliokuwa tunalicheka.

Tulimwandikia kumuuliza kama anajua lojing ya bei nafuu, na kama anaweza kutuamsha saa kumi na moja tuone makundi yakitoka mazoezini. Alijibu kwa sauti, sekunde chache tu: "Karibuni. Lakini niambieni kwanza, mnakuja kuniona mimi ama mnakuja kuona mabingwa?"

Swali hilo lilikaa kwenye grupu siku tatu bila jibu. Mmoja wetu, anayebeba mizigo soko la Wakulima na ambaye huongea akiwa amekasirika hata akiwa na furaha, alisema tunajisumbua bure. Watu huenda Naivasha kuona viboko. Nani huwauliza viboko? Ukilipa nauli yako, macho ni yako, angalia unachotaka. Na isitoshe, mkimbiaji yuko barabarani, barabara ni ya umma, yeye mwenyewe amechagua kuonekana.

Nimefikiria hoja yake kuliko alivyotarajia, kwa sababu kwa sehemu ana haki. Kutazama si wizi. Lakini yeye na mimi tumekulia mtaa ambao hutembelewa. Tunajua lile gari jeupe linavyoingia polepole likikwepa mitaro, wageni wanashuka, wanapiga picha watoto, wanapiga picha nguo kwenye kamba, wanapiga picha mama anayekaanga samaki, wanasema asante, wanaondoka. Hawajatuibia kitu. Wengine huacha hata daftari. Bado ukiwa mtoto unabaki na hisia kwamba umeangaliwa kama unavyoangalia flamingo kupitia ua wa mbuga pale chini kwetu. Flamingo haulizwi jina kwa sababu hakuna mtu aliyekuja kuona flamingo mmoja. Watu huja kuona wengi, wale wa rangi ya waridi kwa mbali.

Ndivyo tulivyokuwa tumepanga kumwona yeye: mgongo mmoja kati ya migongo mia mbili, asubuhi yenye ukungu, picha nzuri sana.

Na ndiyo maana swali lake si la wivu. Iten haijai mabingwa. Imejaa watu wanaojaribu. Bingwa ni mmoja kwa mamia, na mamia hao si mapambo yake, ni sehemu ya kazi yenyewe. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna, Oktoba 2019, alikuwa na wakimbiaji 41 waliopokezana kumkinga upepo na kumshikia kasi. Ni wanariadha wakubwa, baadhi yao mabingwa kwa haki yao. Nitajie watano. Na hao ni wale waliovaa jezi mbele ya kamera. Hatujahesabu yule aliyekimbia naye Jumanne moja ya matope Kaptagat, akamsukuma mpaka kilomita ya 25, akabaki nyuma, akarudi nyumbani kwa boda.

Wagiriki wa kale pale Olympia walimvika taji mshindi peke yake. Hakukuwa na nafasi ya pili. Sisi tunajidai tumestaarabika, tuna medali tatu, lakini moyoni bado tuko Olympia. Ajabu ni kwamba hadithi yetu wenyewe haikuanza hivyo. Medali ya kwanza kabisa ya Kenya kwenye Olimpiki ilikuwa ya shaba: Wilson Kiprugut, mita 800, Tokyo, 1964. Mtu wa tatu. Watu wawili walimpita, na bado huyo ndiye aliyefungua mlango.

Kuna maswali mawili ambayo huwa tunayachanganya. La kwanza: je, jitihada isiyozaa ushindi ina thamani? Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, kwa hivyo hilo nimeulizwa vya kutosha, na wajomba hasa hulipenda. Watu hujibu kwa maneno matamu kwamba cha muhimu ni kushiriki. Huo ni uongo wa adabu. Yule kijana hakwenda Iten kushiriki, alienda kushinda, na kumwambia kwamba ushindi si kitu ni kumtukana. Hellen Obiri aliposhinda Boston Aprili 2024, zawadi ya mshindi ilikuwa dola 150,000. Hicho ni kitu. Ni ploti yetu nzima, na ya jirani.

Swali la pili ndilo linalonikera: nani ana haki ya kusema "tumeshinda"? Tunalisema kila mara. Mtu akikata utepe Boston au London, Kaptembwo nzima inapiga kelele: tumeshinda! Sisi hatukukimbia hata kwenda dukani. Sidhani ni kosa. Mtu asiyeweza kufurahia cha mwenzake ana ugonjwa wake. Lakini "sisi" hiyo ni ya bei rahisi mno. Septemba 2021 Agnes Tirop alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee, dakika 30 na sekunde 1, na tukasema tumevunja rekodi. Mwezi uliofuata aliuawa nyumbani kwake, hapo hapo Iten, akiwa na miaka 25. Tulikuwa tumeijua miguu yake vizuri sana. Maisha yake hatukuyauliza. Sisemi shabiki wa Nakuru angeweza kumwokoa. Nasema "sisi" yetu ilikuwa ya mguu tu, ilikata pale mstari wa kumalizia.

Mama yangu alinipa upande mwingine wa jambo hilo, bila kukusudia. Nilimwambia tunaenda Eldoret kutembea na alikuwa anachagua mchele. Hakuinua kichwa.

"Mimi huko nishakimbia," akasema. "Na hawakunipa medali."

Alikuwa na kipande cha shamba na cherehani karibu na Burnt Forest mpaka Januari 2008. Nilikuwa mdogo, nakumbuka lori na baridi. Nakuru tulifikia uwanja wa maonyesho, kwenye mahema. Wengine waliwekwa Afraha, uwanja wa michezo, ukajaa watu waliokimbia kwa ile maana nyingine. Kaptembwo yenyewe haikuwa salama mwezi huo, watu walichomewa hapa pia, na waliokimbia kutoka hapa hawakuwa wote wa kwetu. Hilo mama huliongeza mwenyewe akisimulia, silazimiki kumkumbusha. Hata wanariadha hawakusazwa: Lucas Sang, aliyekimbilia Kenya kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, aliuawa katika vurugu hizo karibu na Eldoret, siku ya mwisho ya Desemba 2007.

Na mama huyu huyu, nimemwona kwa macho yangu, husimama mbele ya televisheni akimshangilia Kipchoge mpaka leso inamtoka kichwani. "Kimbia baba, kimbia!" Kwa miaka nilidhani hapo hakuna shida yoyote, au kwamba ndio uzuri wa michezo, inatuunganisha, kama wanasiasa wanavyopenda kusema wakikabidhi bendera. Sasa nadhani mama anajua anachofanya kuliko wao. Anampa Kipchoge mapenzi anayoweza kumpa akiwa sebuleni kwake, na hadai kwamba hayo yamemaliza deni lolote. Kumpenda bingwa hakumgharimu kitu. Kupanda matatu ikapita Burnt Forest, akashuka, akamsalimia mtu ambaye huenda alimwona akikimbia, hiyo ina gharama. Hajawahi kuilipa, na sioni wa kumlazimisha.

Kwa hivyo simkubalii kabisa rafiki yetu wa viboko, na simkubalii yule anayesema basi msiende, kaeni kwenu, mtawasumbua watu. Kukaa nyumbani tukisema "tumeshinda" ndiko kunakoniudhi zaidi. Nauli angalau inatutoa nje. Ila mtu akishatoka huwa ni mtalii au ni mgeni, na wawili hao si mmoja. Mtalii analipa ili asidaiwe. Mgeni hadaiwi pesa lakini anajulikana: ana jina, anaulizwa mama yako hajambo, siku ya tatu anapewa jembe. Anaweza hata kukutana na mtu anayemkumbuka. Mgeni naye anaangaliwa.

Tulimjibu mlango wa tatu hatimaye. Tulibishana juu ya maneno, halafu tukaandika tu: tunakuja kukuona wewe, na mabingwa tukiwaona ni bahati. Mweka hazina akataka tuongeze kwamba lojing bado tunahitaji.

Alinyamaza siku nzima. Mama yangu katika siku hiyo hiyo aliniuliza, akiwa amenipa mgongo, kama matatu za siku hizi husimama Burnt Forest au hupita tu. Nikamwambia ukimwambia kondakta husimama. Akasema sawa. Hakuongeza neno, na mimi sikumuuliza.

Jibu la Iten lilikuja usiku. Lojing tusilipe, wawili watalala kwake, wengine kwa rafiki zake, tubebe masweta na blanketi. Tubebe na omena kama kilo mbili, amezimisi. Jumamosi ana kilomita 35, hana mtu wa kumshikia maji kwa sababu wenzake nao wanakimbia. Mmoja wetu asimame kilomita ya 10, mwingine ya 20, mwingine ya 30, kila mmoja na chupa na simu yenye saa. Boda atatutafutia yeye wa kutushusha.

"Na ukinipa chupa usiniambie pole," alisema. "Niambie muda."

Tumeshagawana. Mimi niko kilomita ya 20.