Wema wa Mtu Anayetazamwa

Tulipofundishwa Mathayo sura ya 6, ile habari ya kutoa sadaka kwa siri, kijana mmoja wa chuo aliniuliza swali lisilojibika mlangoni mwa kanisa. Kama mtu anafanya wema huku akijua anatazamwa, na wema huo ndio utakaompatia kazi, je, huo ni wema ama ni biashara? Anasomea udaktari, na anajua mimi nilisomea Marekani, ambako swali hilo lina mwezi wake mzima.

Nieleze. Kule mwanafunzi wa udaktari akifika mwaka wa nne, ambao ndio wa mwisho, anaweza kwenda hospitali ya chuo kingine kwa muda, mara nyingi wiki nne. Tuiite rotesheni ya ugenini. Anaomba nafasi, anatafuta chumba, na kwa kawaida nauli na kodi ni juu yake. Ameenda kujifunza, na anajifunza kweli, lakini kila mtu wodini anajua amekuja pia kuonekana. Huko daktari mpya hapangiwi hospitali na Wizara ya Afya kama madaktari wanagenzi wetu. Mwanafunzi anaorodhesha hospitali anazotaka, hospitali nazo zinaorodhesha wanafunzi, kisha orodha zinalinganishwa. Mpango huo unaitwa Match, ulianza mwaka 1952, na majibu hutoka mwezi wa tatu. Katika upasuaji wa mifupa, nilioutaka mimi, wiki hizo nne zina uzito sana. Ukipendwa, unapata barua ya mapendekezo. Usipopendwa, umelipa kodi ya bure.

Sasa mfikirie mtu huyo saa kumi na nusu alfajiri. Anawasalimu wauguzi kwa majina. Anambebea daktari bandeji. Anamfunika mgonjwa blanketi. Ni upendo huo? Paulo, katika Waefeso 6:6, anaonya juu ya mtumishi anayejituma pale tu bwana wake anapomtazama.

Wako watakaosema haraka kwamba wema unaoonekana umekwisha kulipwa. Naona wanasoma nusu. Bwana huyohuyo, katika mahubiri yaleyale ya mlimani, sura moja tu nyuma, 5:16, anataka watu wayaone matendo yetu mema wamtukuze Baba. Kuonekana kwenyewe si dhambi. Na hospitalini, kutotazamwa ndiko kungekuwa kosa, maana mwanafunzi anajifunzia juu ya mwili wa mtu. Nani angetaka mamake ashikwe na mwanafunzi asiyesimamiwa? Jicho la daktari ni ulinzi wa mgonjwa kabla halijawa alama za mwanafunzi. Danieli naye, mgeni chuoni Babeli, ndiye mwenyewe aliyeomba wajaribiwe siku kumi kisha watazamwe. (Wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sidhani walimfikiria mwanafunzi wa udaktari, lakini imekaa vizuri.)

Ugumu wenyewe uko mahali pengine. Katika hospitali moja tulikuwa wageni wawili, kila mtu na chuo chake, tukibisha mlango uleule. Kulikuwa na mzee aliyevunjika nyonga, amefanyiwa upasuaji siku mbili kabla. Mwanafunzi hupita mapema kumwangalia mgonjwa wake, kisha kwenye raundi anatoa ripoti mbele ya madaktari. Mzee yule alikuwa wa mwenzangu. Wangu alilala kitanda cha pili, na pazia lilikuwa wazi. Nilimwona mwenzangu akivua soksi ya mguu uliopasuliwa, akapima mapigo, akauliza kama vidole vina hisia. Vizuri kabisa. Soksi ya mguu mwingine hakuigusa. Kwenye raundi akasema visigino vyote viwili havina alama yoyote.

Mtasema, si ni soksi tu! Lakini mtu aliyevunjika nyonga hujisukuma kitandani kwa mguu mzima. Kisigino cha mguu huo mzima kinakandamizwa mchana na usiku, na kidonda kikifunguka hapo kwa mzee, kupona kunaweza kuchukua miezi.

Nilikuwa na ukweli mdomoni, na ukweli huo ulikuwa na faida kwangu. Hilo sijasikia likihubiriwa sana. Tumefundishwa kusema ukweli unaotugharimu; je, huu unaotulipa? Ningesema palepale kwamba soksi haikuvuliwa, pasingekuwa na neno la uongo hata moja, na ningemzika mwenzangu kwa sentensi moja huku nikionekana mtetezi wa mgonjwa. Ningenyamaza, ningejiita mnyenyekevu, na kisigino kingebaki ndani ya soksi.

Hapo mtu wa rohoni huanza kujichunguza: nia yangu ni safi kweli? Kujichunguza ni kuzuri, lakini kuna wakati kunageuka kuwa kujipenda kwa njia nyingine. Mzee amelala pale, na mimi nashughulika na moyo wangu! Katika Wafilipi 1:15-18, Paulo akiwa kifungoni anataja watu waliomhubiri Kristo kwa husuda na ushindani, na bado anafurahi kwamba Kristo anahubiriwa. Hasemi nia zao ni nzuri, lakini pia hawaambii wanyamaze hadi zitakate.

Basi nikajiuliza swali lingine: mgonjwa anahitaji nini, na kwa haraka gani? Kisigino kingeweza kungoja dakika ishirini. Raundi ilipoisha nikamvuta mwenzangu kando, wawili peke yetu kama Mathayo 18:15 inavyoelekeza, nikamwambia, "Ile soksi nyingine haikutoka. Twende tumwangalie mzee." Alinikazia macho kama mtu anayepiga hesabu nitapata nini. Nilimwelewa, hesabu hiyo hata mimi nilikuwa nimeshaipiga. Tukaenda. Kisigino kilikuwa chekundu, na tulipokibonyeza kwa kidole wekundu haukuondoka. Ngozi ilikuwa bado haijafunguka. Tukamwita muuguzi, tukaweka mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kisiguse kitanda. Kisha nikamwambia ripoti lazima irekebishwe, na arekebishe yeye. Ikifika saa sita bado, nitasema mimi.

Alirekebisha kabla ya saa nne. Alimwambia daktari kwamba ameangalia tena na ameona wekundu. Hilo neno "tena" halikuwa kweli, na nililisikia, na nikaliacha.

Kuna ndugu atakayesema nilifunika dhambi. Namheshimu, ila hatukubaliani. Haki ya mgonjwa ilikuwa kisigino chake kiangaliwe, kitibiwe na kiandikwe kwenye faili, na aliipata yote. "Tena" ile ilikuwa deni la mwenzangu kwa daktari wake na kwa Mungu, na mimi niliyeshindana naye nafasi ileile ndiye mtu wa mwisho kufaa kulidai hadharani. Angerudia kesho yake, ningeenda kwa daktari bila kumwonya mara ya pili, maana hapo wagonjwa wengine wangekuwa hatarini.

Na msifanye hiyo kanuni ya kunyamaza. Kama mguu ule ungekuwa baridi, hauna mapigo, na ripoti inasema uko sawa, nisingemvuta mtu kando. Ningesema palepale mbele ya wote, hata kama moyoni nafurahia kuonekana hodari. Mguu usiopata damu hausubiri mtu atubu kwanza. Hayo ya moyoni ningeyapeleka kwa Bwana jioni.

Kwa hiyo, kijana wangu, usingoje nia itakate ndipo umfunike mgonjwa. Mfunike. Blanketi lina joto lilelile. Na ukishika ukweli unaokulipa, tafuta njia inayompa mgonjwa chake chote na kumnyang'anya mwenzako kidogo iwezekanavyo. Mara nyingine njia hiyo haipo, na mwenzako ataumia, ndio hivyo. Ninyi wa KMTC mnaopelekwa hospitali za kaunti kwa mazoezi, na ninyi mlioajiriwa kwa miezi ya majaribio, mnalijua jicho hili vizuri kuniliko.

Barua zetu zote mbili ziliandikwa na daktari yuleyule. Kule mwanafunzi kwa kawaida hukubali kwa maandishi kwamba hataisoma barua anayoandikiwa, kwa hiyo ya mwenzangu siijui, na yangu pia siijui. Mzee aliondoka siku chache baadaye kwenda kituo cha mazoezi ya kutembea. Kisigino kilikuwa hakijafunguka.