Ni Nani Atakayelisoma Andiko?

Ndugu zangu wa Kishapu na Msalala, wa Bukombe, Nyang'hwale na Nyarugusu, fungueni Kitabu cha Danieli, sura ya 5. Mfalme Belshaza amewaandalia karamu wakuu wake elfu moja. Vyombo vya dhahabu vilivyotekwa hekaluni Yerusalemu vimejazwa divai, nao wanakunywa huku wakiisifu miungu ya dhahabu na ya fedha. Ghafla vidole vya mkono wa mwanadamu vinatokea karibu na kinara cha taa na kuandika ukutani. Uso wa mfalme unabadilika, magoti yanagongana. Anawaita wenye hekima wote wa Babeli, anaahidi mavazi ya zambarau na mkufu wa dhahabu kwa yeyote atakayelisoma andiko lile, nao wote wanashindwa. Dhahabu ilikuwa tele mezani. Msomaji ndiye aliyekosekana.

Nasi tunaishi juu ya dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na kabla ya hapo Mwadui ilikwisha kujulikana duniani kwa almasi tangu miaka ya 1940. Machi 2019 soko la dhahabu lilifunguliwa Geita mjini. Leo mchimbaji mdogo anayetoka duarani na vumbi lake mwilini anajua bei ya siku, anasimama mbele ya mzani, anasoma gramu na pointi kwa macho yake mwenyewe. Hamwambii mnunuzi, "Naona ni nyingi, nipe chochote." Mungu ametupa akili ya kupima. Basi imekuwaje mtoto anakwenda shule miaka saba na sisi wazazi wake hatujampima hata mara moja? Tukimkuta njiani tunamuuliza, "Unasoma darasa la ngapi?" Anajibu, "La nne." Tunaridhika, tunapita. Hatumwambii, "Hebu nisomee hapa."

Hatuwezi kusema hatukuonywa. Mwaka 2010 watu wa mpango wa Uwezo walianza kupita nyumba kwa nyumba nchini wakiwa na karatasi ya kiwango cha darasa la pili: silabi, maneno, aya, hadithi fupi, na hesabu za kujumlisha na kutoa. Waliketi na mtoto nyumbani kwao, mzazi akiona. Wakakuta kwamba takriban mmoja kati ya watano wanaomaliza darasa la saba hawezi kusoma hadithi ya darasa la pili, tena ya Kiswahili. Mwaka 2012 Serikali yenyewe ikasema hadharani kuwa zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawajui kusoma na kuandika. Walikuwa wamefanya mtihani wa Taifa. Walikuwa wameshonewa sare mpya. Nashukuru kwamba baada ya hapo ulikuja mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, wa mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili, na watoto wa darasa la pili wakaanza kupimwa. Lakini andiko lile bado halijafutika ukutani.

Tazameni daftari la mtoto wenu jioni ya leo. Mtaona mwandiko mzuri, tarehe juu, mstari umepigwa kwa rula, na chini yake alama ya vema kwa wino mwekundu. Moyo wenu utafurahi. Sasa mwambieni asome alichoandika. Wengi watanyamaza, kwa maana walinakili ubaoni. Mkono ulichora kila herufi ilivyokaa, wala akili haikuingia ndani ya neno hata moja. Mtoto wa namna hiyo hapigi kelele, hasumbui, daftari lake limejaa, kila anayekagua anaridhika. Anapandishwa la tatu, la nne, la tano, na siku anayogundulika ana ndevu. Ninyi wathibiti ubora wa shule, nawasihi katika jina la Bwana: mkifika shuleni, maazimio ya kazi, maandalio ya masomo na shajara mtaletewa mezani, nayo ni haki yenu kuyaona. Yakagueni, kisha inukeni mkaketi darasani, dawati la nyuma, karibu na yule ambaye mwalimu hajamtaja jina tangu kipindi kianze. Mpeni kitabu asome. Hapo ndipo ripoti yenu ianzie.

Sasa sikieni neno ambalo wengi hulipita katika sura ile. Andiko lile lilitaja mizani; aliyewekwa juu yake alikuwa nani? Hawakuwa watumishi waliobeba vikombe. Hawakuwa wenye hekima walioshindwa kusoma. Danieli, aliyeitwa mwishoni akalisoma andiko, alimwambia mfalme, mwenye karamu, kwamba yeye ndiye aliyepimwa akaonekana kupungua. Ndugu zangu, mtoto anaposimama mbele yetu na kitabu mkononi na midomo inatetemeka, aliye kwenye mizani si mtoto. Ni baba yake. Ni mwalimu wake, ni mwalimu mkuu, ni kamati ya shule, ni diwani, ni mimi ninayesimama kila Jumapili na kuwaambia watu wafungue kitabu ambacho watoto wao hawataweza kukifungua. Kwa hiyo asichapwe mtoto kwa kushindwa kusoma. Asichekwe. Fimbo haijawahi kumfundisha mtu silabi.

Wala msimfanye mwalimu kuwa mbuzi wa kafara. Najua mwaka 2014 utafiti wa Benki ya Dunia ulikuta karibu nusu ya walimu wa shule za msingi nchini hawamo madarasani wakati wa vipindi, na wengi wa hao walikuwemo ndani ya eneo la shule. Hilo ni kosa, nami sitalifunika kwa vazi la huruma. Mwalimu, kama uko chini ya mwembe na kengele imelia, inuka uingie! Lakini ninyi wanakijiji nanyi ulizeni: mwalimu huyu analala wapi? Anafundisha watoto wangapi peke yake katika darasa la kwanza ambalo limejaa hadi mlangoni tangu mpango wa elimu bila malipo ulipoanza mwaka 2016? Na wale watoto walipoingia, walijua Kiswahili? Katika vijiji vyetu mtoto amelelewa na bibi kwa Kisukuma kitupu, kisha siku moja anaketishwa mbele ya ubao na kuanza kuambiwa mambo asiyoyaelewa. Mpango wa EQUIP-Tanzania uliofika Shinyanga kuanzia mwaka 2014 uliliona hilo. Ukawatumia watu wa kijijini wenyewe, wanaojua lugha zote mbili, kuwaandaa watoto kabla ya darasa la kwanza. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na sasa anashinda kijiweni pale senta angeweza kuifanya kazi hiyo kesho asubuhi, kama tungemwita na kumpa posho.

Na walimu wakuu, hili ni lenu. Nani mmemkabidhi darasa la kwanza? Katika shule nyingi mwalimu hodari hupelekwa darasa la saba kwa sababu ndiko mtihani uliko, na darasa la kwanza hupewa aliyebaki. Mnatia nguvu zenu zote mahali ambapo mtoto amekwisha kupotea au kuokoka. Mwekeni hodari wenu pale mtoto anapokutana na herufi kwa mara ya kwanza.

Wako watakaosema, "Mchungaji, shida ni fedha." Fedha zinahitajika, nasi tuzidai. Sheria ya madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inaitaka migodi ikubaliane na halmashauri juu ya huduma kwa jamii, na wananchi wana haki ya kuuliza mpango huo una nini kwa ajili ya shule yao. Lakini liko jambo lililojaribiwa katika nchi hii. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha jaribio la KiuFunza katika shule 350 za wilaya 10. Shule nyingine zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, basi. Nyingine walimu wao waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu atakayeweza kusoma na kuhesabu. Nyingine zilipata vyote viwili. Baada ya miaka miwili, ruzuku peke yake haikuwa imeongeza lolote katika alama za watoto. Zilizopata vyote viwili ndizo zilizopanda waziwazi. Fedha ilizaa pale ilipokutana na mwalimu aliyejua kwamba kuna mtu atakuja kuuliza: mtoto huyu anasoma?

Ninyi wachimbaji, baba zangu na kaka zangu, msiondoke kabla sijawafikia. Duara likitema, kijiji kizima huhama kwa wiki moja. Familia inatoka Kakola inakwenda Rwamgasa, na mtoto anafuata bila barua ya uhamisho, anapachikwa darasa lolote lenye nafasi. Huko nako mgodi ukikauka mnahama tena. Na wapo wasiopachikwa popote. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya migodi midogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, likaeleza watoto wa hata miaka minane wanaoshuka mashimoni, wanaobeba mawe, wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu. Mnawajua. Wanaosha marudio kwenye mialo yenu asubuhi ileile ambayo majina yao yanaitwa kwenye daftari la mahudhurio na hakuna anayeitikia. Mwenye mwalo, mwenye karasha, ukimwona mtoto hapo saa nne asubuhi, mwulize ni wa shule gani, umrudishe wewe mwenyewe kwa pikipiki yako. Na kwa ujira uliokuwa umpe, wape wazazi wake unga.

Kuitikia wito si jambo geni kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, wazee wa Kahama na Shinyanga hawakungoja barua kutoka Dar es Salaam. Walipiga yowe, wakaunda sungusungu, ulinzi wao wa jadi. Sizungumzii mishale yao, wala mabaya yaliyotendwa kwa jina lao. Nazungumzia kule kuitika, mtu kutoka nyumbani kwake usiku kwa ajili ya mali ya jirani.

Basi itikeni. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria hukaa kila baada ya miezi mitatu, na mmezoea kudai humo taarifa ya mapato na matumizi. Daini taarifa nyingine pamoja nayo. Kabla ya mkutano, kamati ya shule na umoja wa wazazi na walimu wapite darasa la pili hadi la nne na hadithi moja fupi ya darasa la pili, wamsikilize kila mtoto peke yake, faraghani, asiaibishwe. Waandike anakoishia: silabi, neno, aya au hadithi. Mkutanoni yasitajwe majina ya watoto. Itajwe idadi: wangapi wako kwenye silabi, wangapi wamefika hadithi. Walio kwenye silabi wapangiwe saa moja kila siku baada ya vipindi, wapewe mwalimu na msaidizi, na wazazi wachange mahindi na maharage, kwa kuwa mtoto mwenye njaa hasomi.

Miezi mitatu ikiisha, wapimwe walewale kwa hadithi nyingine. Msiilinganishe shule yenu na shule ya mjini ambako watoto waliingia wakijua kusoma. Ulizeni kila mtoto ametoka wapi na amefika wapi. Mwalimu aliyempokea mtoto wa mwaloni asiyejua herufi na kumfikisha kwenye aya amefanya kazi kubwa kuliko wengi wanaopigiwa makofi, na asimamishwe mbele ya kijiji kizima ashukuriwe. Na kama idadi haijasogea, mwalimu mkuu aulizwe palepale kinachohitajika, mwenyekiti aulizwe atakileta lini, na majibu yote mawili yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano.