Mlango Uliofungwa

Ampigaye mwenzake twamwita mkosaji, na hapana atakayetubishia. Lakini nini hukumu ya yule asiyepiga wala kutukana, ila hufunga mlango mbele ya mhitaji, kisha huenda zake? Tulipime swali hili kwa mfano wa mbali, maana dosari ya mbali huonekana upesi kuliko ya nyumbani.

Katika nchi ya Marekani wako watu walioandikwa wanaume siku ya kuzaliwa, lakini katika nafsi zao wajijua kuwa wanawake, nao huishi hivyo. Huitwa wanawake waliobadili jinsia. Wengi wao huhitaji msaada wa tabibu: mashauri, homoni, na pengine upasuaji, ili mwili na nafsi vipatane. Mwaka 1966 Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, ilifungua kliniki kwa ajili ya watu waliobadili jinsia. Mwaka 1979 kliniki hiyo ilifungwa, na hospitali haikufungua nyingine mpaka mwaka 2017. Katika miaka hiyo 38 mtoto aliweza kuzaliwa, kukua na kuzaa, na mlango ule ungali umefungwa.

Milango hufungwa kwa namna nyingi. Mwaka 2015 watu wazima 27,715 waliobadili jinsia waliulizwa habari zao. Katika kila 100, watu 33 walisema kuwa katika mwaka uliotangulia hawakwenda kwa tabibu walipomhitaji kwa kukosa fedha, na 23 kwa kuogopa kutendewa vibaya. Watu 40 katika kila 100 walikuwa wamewahi kujaribu kujitoa uhai. Mwanamke Mweusi aliye katika hali hii huchukua mzigo juu ya mzigo: hudharauliwa kwa rangi yake, kwa umaskini wake, na kwa jinsia yake. Akikosa kliniki, huenda akanunua homoni kwa siri na kujidunga pasipo kipimo.

Wako wasemao kwamba huzuni hiyo yatokana na hali yao wenyewe. Lakini uchunguzi ule ule ulionyesha kuwa waliokubaliwa na jamaa zao walikuwa na dhiki ndogo kuliko waliokataliwa. Kama chanzo kingekuwa nafsi yao peke yake, wema wa mama ungepunguzaje maumivu?

Wengine husema, “Siwaelewi.” Naam, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini tabibu hamwambii majeruhi aeleze kwanza maisha yake ndipo afungwe kidonda. Kuelewa huja polepole. Haki haina budi kuja mapema. Ni kweli kwamba ubishi ni mkubwa juu ya matibabu ya watoto, na mwezi Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani iliiruhusu sheria ya jimbo la Tennessee inayoyakataza. Hata hivyo, kubishana juu ya dawa ifaayo ni jambo moja. Kumvunjia mtu heshima mlangoni ni jambo jingine.

Mwaka 1970, mjini New York, Marsha P. Johnson, aliyekuwa Mweusi, na Sylvia Rivera, mwenye asili ya Puerto Rico na Venezuela, waliunda chama cha watu wa hali yao, wakawapa makao vijana waliolala njiani. Hawakuwa na hospitali wala mali. Walikuwa na mlango, wakaufungua.

Nawe, msomaji, siku moja utashika ufunguo: utakuwa muuguzi, karani, mwalimu au mzazi. Atakuja mtu usiyemwelewa, naye atabisha hodi. Usijisifu jioni kwamba leo hukumpiga mtu. Jiulize ni nani aliyerudi nyuma kutoka mlangoni pako, na amekwenda wapi.